Mkono Uliotuchelewesha

Nani anakumbuka vile vijumba vya rangi vya Windows 95? Unafungua Disk Defragmenter usiku, vijumba vinaanza kuhamahama, unaenda kulala, asubuhi bado. Umeme ukikatika katikati, roho juu! Tuliambiwa kompyuta itakuwa nyepesi. Kwa nini, wengi hatukuuliza.

Tatizo lilizaliwa mwaka 1956, IBM ilipotoa RAMAC, kompyuta ya kwanza kuuzwa ikiwa na diski yenye mkono unaotembea. Sahani 50 zenye upana wa inchi 24 zilizunguka mara 1,200 kwa dakika, zikibeba herufi milioni 5. Mkono ulipanda na kushuka kutafuta sahani, kisha ukasubiri data izunguke mpaka uifikie. Kusubiri huko ndiko kulikotutesa miaka 50.

Piga hesabu. Mwaka 2007 Hitachi ilitoa diski ya terabaiti 1, kama mara 200,000 ya mzigo wa RAMAC. Mzunguko wake? Mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 6 tu ya babu yake! Kusubiri nusu mzunguko ni milisekunde 4 hivi. Unaona ni kidogo, lakini faili likikatwa vipande 500 vilivyotawanyika, hizo ni sekunde 2 za kusubiri tu, kabla hujahesabu safari za mkono wenyewe.

Ndiyo maana mwaka 1993 Microsoft iliweka Defrag ndani ya MS-DOS 6. Haikuongeza kasi ya diski hata chembe. Ilisogeza vipande vikae jirani, mkono usihangaike. Seagate yenyewe ilitumia nguvu: Cheetah X15 ya mwaka 2000 ilizunguka mara 15,000. Hiyo ilikuwa ya seva, si ya sebuleni kwako.

Dawa ikaja kuwa kuung'oa mkono kabisa. SSD huweka data kwenye chipu, hakuna kinachozunguka. Windows 7 ya mwaka 2009 ikaacha kupanga SSD kwa ratiba, maana kuhamishahamisha data kunazichosha chipu bure.

Kompyuta ya mezani ya nyumbani kwetu ilishahukumiwa: fundi alisema tununue mpya. Prosesa nzima, RAM ya kutosha. Kila kitu kilikuwa kinausubiri mkono. Tumenakili mafaili, tumeweka SSD, na mdogo wangu anaandikia tasnifu yake humo humo.