Hesabu ya Choo na Uhai wa Mji

Katika mambo ambayo binadamu huona haya kuyataja mbele za watu, choo ni moja. Haya ni pambo la adabu, lakini haimpi mtu ruhusa ya kutojua. Mji usiojua kiasi cha uchafu ulio chini ya nyumba zake hufanana na mfanyabiashara asiyeandika madeni yake: deni halipungui kwa kuwa halikuandikwa. Wahenga walisema kuwa mficha maradhi kilio kitamfichua. Insha hii yaeleza jinsi miji miwili, London katika Uingereza na Kampala katika Uganda, ilivyofikia kukipima kitu hicho kisichotajwa, na kwa nini kipimo cha mji wa kwanza hakikutosha katika mji wa pili.

Mwanzoni mwa karne ya 19 London ulikuwa mji wa mashimo. Uani mwa nyumba nyingi, au chini ya sakafu yake, mlikuwa na karo lililopokea kinyesi cha wote waliokaa humo. Yakadiriwa kwamba makaro hayo yalifika 200,000. Matopasi walikuja usiku na ndoo na mikokoteni, wakateka uchafu na kuupeleka mashambani kuwa samadi. Mpango huo ulidumu muda mrefu, kisha mambo matatu yakauvunja. Kwanza, watu waliongezeka: mwaka 1801 walikuwa karibu milioni 1, na mwaka 1851 walizidi milioni 2. Pili, mashamba yalisogea mbali na mji, na katika miaka ya 1840 samadi ya ndege iliyoletwa kwa merikebu kutoka Peru iliishusha bei ya kinyesi. Tatu, vyoo vya kuvuta vilienea, na kila aliyevuta alimimina maji mengi shimoni. Karo lililokuwa likijaa polepole sasa lilifurika upesi.

Mwaka 1848 iliundwa tume moja ya kusimamia mifereji ya mji. Nyumba ziliamriwa kufunga makaro na kutoa uchafu wao katika mifereji, na katika muda wa miaka 6 hivi makaro yapatayo 30,000 yakafungwa. Hesabu hiyo ilikuwa ya kweli, lakini ilikuwa nusu ya hesabu. Ilitaja mashimo yaliyofungwa, isitaje mahali ulipokwenda uchafu uliokuwa ukiingia ndani yake. Mifereji iliishia katika mto Thames, na wakazi wengi walikunywa maji ya mto huo huo. Kipindupindu cha miaka ya 1848 na 1849 kiliua watu wapatao 14,000 mjini humo.

Ugonjwa ulirudi. Mwishoni mwa Agosti 1854 watu wa mtaa wa Broad Street walianza kufa kwa mamia. Daktari John Snow aliandika nyumba za waliokufa, akaona kwamba wengi walikuwa wameteka maji katika kisima kimoja cha bomba la mkono. Tarehe 8 Septemba mpini wa bomba hilo uliondolewa. Kasisi wa mtaa, Henry Whitehead, hakuyasadiki maneno ya daktari, akaenda nyumba kwa nyumba akitaka kuyakanusha. Uchunguzi wake ulimfikisha katika nyumba namba 40, iliyokuwa karibu na kisima. Hapo mtoto mchanga aliugua kuhara kabla ya wengine, na mama yake alimwaga karoni maji aliyofulia nguo zake. Karo lilipofukuliwa mwaka 1855, matofali yake yalionekana yameoza, na umbali kati yake na kisima haukufika futi 3. Upungufu wa hatua moja ya mtu mzima uligharimu roho 616. Karo hilo lilikuwapo siku zote, ila hakuna aliyekuwa amelipima.

Katika kiangazi cha mwaka 1858 uvundo wa Thames ulipanda hata ndani ya Bunge. Wabunge waliokuwa wakibishana kwa miaka mingi wakapitisha sheria upesi, na mhandisi Joseph Bazalgette akapewa kazi ya kujenga mifereji mikubwa ya kuupeleka uchafu mbali na mji. Yeye alitanguliza hesabu. Alikadiria kwamba mji ungefikia watu 3,450,000, na kwamba kila mtu angetumia futi 5 za ujazo za maji kwa siku, yaani lita 140 hivi. Tena alijua kwamba watu hawatumii maji sawasawa mchana na usiku, kwa hiyo alipanga mifereji iweze kupitisha nusu ya maji ya siku nzima katika saa 6. Watu mara maji: hiyo ndiyo kanuni, na kwa mji wenye mifereji ni kanuni njema, maana kila kinachoingia katika bomba hutokea upande wa pili.

Wahandisi waliojifunza kanuni hiyo waliileta Afrika ya Mashariki wakati wa utawala wa Waingereza. Mabomba waliyoyatandaza, hata hivyo, yalifika katika sehemu chache za miji. Katika Kampala, hata katika miaka ya 2010, mabomba ya maji taka yalihudumia chini ya mkazi 1 kati ya 10. Waliobaki, walio wengi mno, walitumia vyoo vya shimo na makaro. Hapo kanuni ya London hupotea njia, nasi tuone sababu yake.

Mtu mmoja hutoa kinyesi na mkojo wa karibu lita moja na nusu kwa siku, yaani zaidi ya lita 500 kwa mwaka. Lakini maji hunywewa na udongo na kinyesi huoza, hata kinachobaki shimoni huwa lita 40 hadi 60 tu kwa mtu kwa mwaka. Chukua shimo la mita 1 kwa mita 1, lenye kina cha mita 3. Linapokea lita 3,000. Jamaa ya watu 5, wakibakiza lita 60 kila mmoja, hujaza lita 300 kwa mwaka, na shimo huwatosha miaka 10. Shimo hilo hilo likitumiwa na wapangaji 30, hujaa kwa miezi 20. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hiki hakijai kwa mwendo mmoja kila mahali. Katika mabonde ya Kampala maji ya ardhi yako karibu, na mvua huingia shimoni. Kwingine watu hutupa matambara na takataka. Choo cha nyumba si sawa na choo cha soko wala cha shule.

Basi mtawala anayepanga kwa lita 500 atajenga mtambo mkubwa kupita haja na kumaliza fedha za umma. Anayehesabu malori yanayofika mtamboni peke yake atakosea upande wa pili. Lori la kunyonya choo haliingii katika kichochoro chembamba, na maskini hana fedha ya kulilipa. Shimo lake hutapishwa wakati wa mvua, na uchafu ukateremka mferejini hadi kisimani kwa jirani. Uchafu huo haumo katika daftari la mtambo, bali watoto wanaoharisha wanaujua.

Kampala ulifungua mtambo wa Lubigi mwaka 2014, uliokusudiwa kupokea mita 400 za ujazo za tope la vyoo kila siku. Watafiti waliuchunguza mji huo kwa njia mpya. Walifuata safari za malori kwa vifaa vya kuonyesha mahali yalipopita, na matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Mwaka 2018 Linda Strande na wenzake walieleza namna ya kukadiria wingi na hali ya tope la mji mzima, waliyoijaribu Kampala na Hanoi katika Vietnam. Badala ya kuzidisha watu kwa maji, waligawa mji kwa aina za vyoo, matumizi ya majengo na hali za wakazi, wakachukua vipimo katika kila fungu. Madereva na wanyonyaji wa vyoo, waliodharauliwa kama matopasi wa zamani, waligeuka kuwa mashahidi wa maana, kwa kuwa wao hujua shimo lipi hujaa upesi na lipi halijafunguliwa kamwe.

Jambo hili latugusa sisi wa Kenya. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, humpa kila mtu haki ya kuwa na usafi wa kiwango kinachofaa. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 kila nyumba iliulizwa aina ya choo inachotumia. Huo ni mwanzo mwema, lakini jina la choo haliwezi kusema kina cha shimo, wala mwaka litakapojaa, wala mahali uchafu utakapokwenda. London ulihesabu mashimo yaliyofungwa ukasahau mto, na watu wake wakaunywa uchafu wao. Urefu mara upana mara kina: hesabu hiyo hufundishwa katika kila shule. Anayeijua anaweza kuipeleka katika choo cha kwao, akauliza watu wanaokitumia ni wangapi, kilichimbwa lini, na kisima kilicho karibu kiko hatua ngapi. Mji unaoyajua majibu hayo kwa kila mtaa utapanga malori, mabomba na mitambo yake kabla mashimo hayajafurika.