Kiashiria, si Kitambulishi

"Malaria hakuna, mama," anasema mtaalamu wa maabara, akionyesha kipimo chenye mstari mmoja tu. Mgongoni mtoto bado anachemka. Kama si malaria, ni nini?

Swali hilo si dogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliwachunguza watoto 1,005 wenye homa, Dar es Salaam na Ifakara. Malaria ilikutwa kwa takriban mtoto mmoja kati ya kumi. Magonjwa ya virusi, kwa saba kati ya kumi. Virusi havidhuriki na antibaiotiki, lakini mtoto mwenye bakteria kwenye damu akicheleweshewa dawa, anaweza kufa.

Sehemu ya jibu imo katika seli nyeupe za damu. Kuzihesabu tu hakutoshi, maana huongezeka kwa sababu nyingi. Wataalamu hutazama pia protini zilizo juu ya utando wa seli. Mkutano wa Paris wa mwaka 1982 ulianzisha utaratibu wa kuzipa namba zinazotanguliwa na herufi CD. CD64 huwa kidogo juu ya neutrofili, aina mojawapo ya seli nyeupe, za mtoto mzima. Bakteria wakimwingia, protini hiyo hupanda ndani ya saa chache. Vikiingia virusi, mara nyingi inayopanda ni CD169, juu ya monositi, aina nyingine ya seli nyeupe. Ili zionekane, hupakwa rangi ing'aayo, kisha seli hupitishwa moja moja mbele ya mwali wa leza.

Protini hizi tuziite nini? "Dalili" haifai: hiyo ni ya joto na kutapika, mambo anayoyaona mama mwenyewe. "Kitambulishi" kinaahidi mno, kwa kuwa CD64 haimtaji bakteria kwa jina, wala haisemi kama amekaa kwenye mapafu au kwenye mkojo. Linalofaa ni "kiashiria", kutoka kuashiria, ndugu wa ishara. Anayekuashiria nyumba hakufungulii mlango. Daktari bado hana budi kupiga hodi, yaani kumpima mtoto mwili mzima na kuotesha damu maabara.

Kwa hiyo tuseme "viashiria vya seli nyeupe". Nawe mhudumu, seli nyeupe zikiwa juu, usikimbilie kumwambia mama kwamba mwanawe ana "wadudu kwenye damu". Mwambie kilichoonekana, kisha mwambie kinachotafutwa bado.