Embe Bichi, Chumvi ya Nunge

Msimu unapokaribia Bagamoyo, watoto hawangoji maembe yaive. Embe bichi humenywa, hupasuliwa vipande bila kuvitenga na kokwa, kisha katika mipasuko hutiwa chumvi iliyochanganywa na pilipili ya unga. Mlaji hukunja uso, hufumba jicho moja, na papo hapo humeza mate akiliona jingine.

Jikoni kuna ufundi wa juu zaidi. Ukwaju huloweshwa katika maji ya uvuguvugu, hukamuliwa, huchujwa kokwa na makapi, hubandikwa motoni pamoja na sukari guru mpaka rojo lishike mwiko. Mwisho hufuata chumvi na pilipili mbuzi iliyotwangwa. Kazi ya kawaida ya rojo hili ni kuandamana na bajia na katlesi. Lakini limwagie juu ya embe bichi, tango na vipande vya nanasi la Kiwangwa, na mtu wa Java akipita hapo atadhani umemwibia rujak yao: matunda mabichi kwa mabivu yaliyopakwa rojo la ukwaju, pilipili, chumvi na sukari ya mnazi, mara nyingi na karanga na kamba wadogo waliosagwa wakachachushwa. Hicho cha mwisho ndicho kinachotutenga. Uduvi tunao, tunaukausha na kuupika, ila kuutia kwenye nanasi hapana, na sidhani kama nitakuwa wa kwanza.

Sikusudii kusema kwamba mapishi yalitoka Java yakashuka Bagamoyo yamekamilika. Yaliyosafiri ni miti, mbegu na majina, kila kimoja kwa wakati wake, na pwani ikavikutanisha yenyewe.

Kilichotangulia ni uchachu. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, kabla ya kuendelea Mombasa na Kilwa, aliandaliwa wali wa samli, mchuzi na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Pembeni palikuwa na vya kuchokoza ulimi: ndimu za kuchachushwa, pilipili za kuchachushwa, tangawizi mbichi, na maembe. Anaeleza kwamba embe likiiva ni tamu na huliwa kama tunda, lakini likiwa bichi ni kali kama ndimu na hutiwa siki. Mlaji alifuatisha tonge la wali na kidogo cha achari hizo. Wakati huo Kaole, kilomita chache kusini mwa Bagamoyo ya leo, ulikuwa tayari mji wenye msikiti wa mawe, na magofu yake yametoa vigae vya vyombo vya China.

Hapo msomaji makini atauliza: pilipili ipi, mwaka 1331? Si hii ya kwetu ya leo. Pilipili kali nyekundu ni ya Amerika, na haikuvuka bahari mpaka baada ya safari za Columbus za 1492. Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi mwaka 1498, na katika mkondo huo wa Wareno yakaja matunda yenye majina ya mbali: nanasi, kanju, pera. Pilipili mpya haikuletewa jina. Ilinyakua lile la zamani, lenye asili ya Bara Hindi, na ile nyeusi iliyokuwa mwenye jina ikalazimika kuongezewa ukoo: pilipili manga. Mgeni alikaa kwenye kiti, mwenyeji akaambiwa ajitambulishe.

Ukwaju una kisa cha kinyume. Mti ni wa Afrika, lakini Waarabu waliuita tende ya Hindi, *tamr hindi*, na jina hilo la makosa ndilo lililoenea Ulaya. Sisi tuliobaki na neno letu tumesalimika. Birimbi, kitunda kile kichachu cha kijani kinachotiwa kwenye achari na mchuzi wa samaki, lilikuja na cheti chake cha kuzaliwa: Wamalay huliita *belimbing*, India *bilimbi*. Na neno achari lenyewe, la Kiajemi kwa asili, linasikika India, Zanzibar na Java kwa tofauti ndogo ya matamshi.

Chumvi haikuhitaji jahazi. Mashamba ya chumvi ya Nunge yako pembeni tu mwa mji wa Bagamoyo, na mengine yako Saadani: maji ya bahari huingizwa kwenye majaruba, jua likamaliza kazi. Utamu ndio uliokuwa na gharama. Utomvu wa mnazi ambao Wajava waliuchemsha ukawa sukari, watu wa pwani yetu waliuacha zaidi uchachuke ukawa tembo, uamuzi ambao wagema hawajawahi kuujutia. Sukari nyingi ilitoka kwenye miwa, na katika karne ya 19 bonde la Pangani lilijaa mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa. Tunaposifu sukari guru ya zamani ni vyema tukumbuke mikono iliyokata ile miwa.

Karne hiyohiyo Bagamoyo ilikuwa mdomo wa njia ya misafara ya kwenda Tabora na Ujiji. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868, na njia ya kuingilia misheni yao bado ina kivuli cha miembe ya zamani. Bara nako miembe ilifuata njia ya misafara, mpaka Ujiji, ambako Stanley na Livingstone husemwa walikutana chini ya mwembe mwaka 1871. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyekula embe bichi huko hakuhitaji kubeba chumvi kutoka pwani: karibu na mto Malagarasi, Uvinza, watu walikuwa wakichemsha maji ya chemchemi za chumvi karne nyingi kabla Bagamoyo haijawa bandari.