Ithibati ya gari
Homologation, neno la Kifaransa, lina asili ya Kigiriki: kusema jambo moja, yaani kukubaliana. Katika mbio za magari, maana yake ni FIA, shirikisho la kimataifa la magari, kuukubali muundo wa gari baada ya kiwanda kuonyesha idadi iliyotengenezwa. Kundi B, daraja la magari ya rally, lilidai magari 200. Toyota Celica iliyoshinda Safari Rally 1984, 1985 na 1986 ilipitia mlango huo. Kwa neno homologation, Kiswahili kina idhini, lakini hiyo ni ruhusa tu. Ithibati inafaa zaidi, maana hubeba uthibitisho. Ukaguzi ni kitu kingine: mkaguzi hushika mikanda, hutazama kizimba cha chuma, hulinganisha gari na fomu ya ithibati. Gari lenye ithibati laweza kukataliwa hapo.