UZI: Tembe za kupanga uzazi, damu kuganda, na nani aliambiwa nini

Mjadala wa upangaji uzazi ukianza huku mtandaoni, dakika tano haziishi kabla mtu aseme tembe zinagandisha damu na ati serikali inaficha. Mwingine anamjibu kwamba hizo ni porojo. Sasa, mimi nasoma sayansi ya siasa, sio udaktari, lakini hii stori ina siasa tele. Twende pole pole.

Tembe ya kwanza, Enovid, ilijaribiwa Puerto Rico kuanzia 1956, wengi wa wanawake wenyewe wakiwa maskini. Daktari aliyesimamia, Edris Rice-Wray, aliripoti kwamba asilimia 17 walipata madhara kama kichefuchefu, kizunguzungu na kuumwa kichwa. Alisema wazi madhara yamezidi. Wakubwa wa utafiti hawakutilia maanani. 1960 Marekani ikaiidhinisha kama dawa ya kuzuia mimba.

1961 daktari mmoja Uingereza aliandikia jarida la The Lancet kuhusu muuguzi aliyepata damu iliyoganda mapafuni baada ya kumeza tembe hizo. Barua moja sio ushahidi, sawa. Lakini kufikia 1967 na 1968 tafiti za Uingereza zilikuwa zimethibitisha. Shida kubwa ilikuwa kipimo cha estrojeni, homoni inayofanya damu igande upesi. Enovid ya miligramu 10 ilikuwa na mikrogramu 150 za estrojeni. Tembe nyingi za leo hazizidi 35.

(Kenya ilizindua mpango wa kitaifa wa upangaji uzazi 1967. Piga hesabu ya miaka hapo.)

Hapa ndipo napapenda. Januari 1970, baada ya mwandishi Barbara Seaman kutoa kitabu kuhusu madhara haya, kamati ya Seneti ya Marekani ikaanza vikao. Wataalamu waliitwa, lakini mwanamke aliyetumia tembe hakuitwa hata mmoja. Alice Wolfson na wenzake wakasimama katikati ya kikao wakauliza kwa sauti: mbona hamjatuita sisi tunaozimeza? Mwaka huo huo mamlaka ya dawa ikaamuru kila pakiti iwe na maelezo ya mtumiaji. Rasimu ya kwanza ilikuwa ndefu. Madaktari na watengenezaji wakalalamika, ikakatwa ikabaki fupi. Yaani hata ukweli wenyewe ulijadiliwa bei kama nyanya sokoni.

Sasa mnaopenda kutisha watu, njooni hapa. Oktoba 1995 mamlaka ya Uingereza ilitangaza kwamba tembe fulani mpya zina hatari kama maradufu ya zile za zamani. Vichwa vya habari vikashika neno "maradufu" vikakimbia nalo. Maradufu ya ngapi? Wengi hawakuelezwa. Wanawake wakaacha tembe ghafla, na 1996 idadi ya waliotoa mimba ikapanda.

Hizi ndizo hesabu zilizokosekana, kutoka kwa mamlaka ya dawa ya Marekani mwaka 2012. Kati ya wanawake 10,000 kwa mwaka, wasio wajawazito na wasiotumia tembe, 1 hadi 5 hupata damu kuganda. Wanaotumia tembe zenye estrojeni: 3 hadi 9. Wajawazito: 5 hadi 20. Wiki 12 baada ya kujifungua, kiwango hupanda hadi 40 mpaka 65. Kwa anayevuta sigara na amepita miaka 35, au aliyewahi kuganda damu, hesabu ni nyingine kabisa, na huyo anafaa kuulizwa hayo kabla ya kupewa pakiti.

Kwa hivyo mgombea akisimama jukwaani aseme "tembe zinaua", muulize: wangapi kati ya 10,000? Na anayesema "hazina shida" muulize kama kliniki zake huuliza kuhusu sigara na damu kuganda.

Na kabla mjae kwa majibu: P2 haina estrojeni, kwa hivyo msiichukulie hesabu hizi.