Gitaa, Randa na Mpira

Ingieni katika nyumba ya kijana huko Bungulu, mjini Beni, mtazame juu ya meza yake. Huenda mtakuta nyimbo za jazi, kitabu cha kufundisha useremala au kazi ya umeme, na gazeti la habari za mpira. Mzazi akiyaona hayo hukata shauri upesi: kitabu ni chema, muziki na mpira ni upuuzi. Je, historia ya nchi hii yasema hivyo? Natuitazame.

Kwanza jazi. Jina hilo lilitoka Marekani, kwa watu weusi ambao babu zao walichukuliwa Afrika kwa nguvu wakafanywa watumwa. Lilipovuka bahari Waafrika walilipokea, lakini muziki waliupiga kwa namna yao wenyewe. Joseph Kabasele alianzisha African Jazz huko Léopoldville mwaka 1953, na mwaka 1956 ikazaliwa OK Jazz, ambamo alikuwamo kijana Franco. Hao walipiga hasa rumba. Rumba ilitoka Cuba, na Cuba iliipata mizizi yake Afrika. Basi mtoto alirudi nyumbani kwa njia ya mbali. Mwezi wa Januari 1960 viongozi wa Kongo walipokusanyika Bruxelles kudai uhuru, Kabasele na wenzake walikwenda pia kuwapigia muziki. Mwaka uleule Louis Armstrong, mpiga tarumbeta mashuhuri wa Marekani, alikuja Kongo. Alipiga Léopoldville, kisha akapiga Elisabethville, ingawa Katanga ilikuwa imekwisha kujitenga na serikali kuu. Wanasiasa walikuwa hawapatani, lakini tarumbeta moja ilisikilizwa pande zote mbili.

Pili mpira. Padre Raphaël de la Kethulle, mmisionari wa Scheut, alijenga shule na viwanja vya michezo Léopoldville, watu wakamwita Tata Raphaël. Uwanja mkubwa uliofunguliwa mwaka 1952 una jina lake hata leo. Huko Elisabethville Mapadre Wabenediktini waliwaanzishia wanafunzi timu mwaka 1939. Timu hiyo ndiyo leo Tout Puissant Mazembe, iliyokuwa bingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968, na mwaka 2010 ikafika mchezo wa mwisho wa kombe la dunia la vilabu.

Wakoloni walidhani mpira utawatuliza watu. Haikuwa hivyo. Siku ya 4 Januari 1959 watu wa ABAKO walikatazwa mkutano wao huko Léopoldville. Watazamaji waliotoka uwanjani wakachanganyika nao, ghasia zikaenea mjini, na wengi wakafa. Mwaka uliofuata nchi ilipata uhuru. Maana mahali watu wanapokusanyika, huzungumza pia habari za maisha yao.

Tatu ufundi. Wasalesiani walifika Elisabethville mwaka 1911, wakafungua shule ya kazi za mikono. Kwetu Beni, Mapadre wa Assomption walifika mwaka 1929. Huko Afrika Mashariki, East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948, ilitoa vitabu vyepesi vya Kiswahili juu ya kilimo na afya. Kazi hiyo ilikuwa njema, lakini ilikuwa na mpaka wake. Mkongo alifundishwa kushika randa na mwiko. Kuchora ramani ya nyumba ilikuwa kazi ya Mzungu. Chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954 tu, na siku ya uhuru, 30 Juni 1960, Wakongo waliokuwa wamemaliza chuo kikuu hawakufika 50.

Hapo ndipo penye fundisho. Kupiga gitaa hakukuhitaji cheti wala ruhusa ya mtu, ndiyo maana wanamuziki wetu walijulikana Afrika nzima. Wachezaji walipewa uwanja, wakafika mbali. Katika ufundi wa juu mlango ulifungwa, na nchi ikapata uhuru ikiwa karibu haina wahandisi. Akili ilikuwa ileile, na mikono ileile. Walichonyimwa ni vitabu na nafasi.

Basi, ndugu mzazi, usimnyang'anye mwanao gitaa ukidhani kitabu kitapendwa zaidi. Bendi humfundisha kuja kwa saa na kumsikiliza mwenzake. Timu humfundisha kushindwa bila chuki. Karakana humfundisha kupima kabla ya kukata. Katika Beni yetu, iliyolia misiba mingi tangu mwaka 2014, kijana mwenye mambo hayo matatu hapatikani kwa urahisi na wale wanaotafuta mikono ya kushika bunduki. Tena gitaa la umeme likiharibika, ni nani atakayelitengeneza? Mpe kitabu cha ufundi, kisha mwache alitengeneze mwenyewe.