Masika yalivyolea miguu ya wapanda baiskeli wa Ndundu

Mapema mwaka 1917 mvua ziliwahi bonde la Rufiji, na mapigano ya Vita vya Kwanza vya Dunia yakasimama huko. Majeshi ya Uingereza yalikuwa yamefika mtoni kuwafuatia Wajerumani walioongozwa na Lettow-Vorbeck, askari wa Nigeria wakiwa miongoni mwa waliotangulia. Maji yalipofunika bonde, kusonga kukawa shida, chakula kikachelewa, na watu wa pande zote mbili wakashinda na njaa na homa wakisubiri mto ushuke. Mto uliosimamisha majeshi ya dola mbili ungeachaje kumsimamisha mtu mmoja mwenye baiskeli na gunia la mpunga kwenye karia?

Kila mahali penye baiskeli pana miezi ambayo haipandiki. Ulaya ni miezi ya theluji, na huko watu walipambana nayo kwa kuingia ndani ya majengo. Mwaka 1878 mbio za baiskeli za siku sita zilifanyika ndani ya ukumbi wa Agricultural Hall, Islington, London. Baadaye mbio za aina hiyo zilivuma New York katika Madison Square Garden, na mjini Ghent, Ubelgiji, bado zinaendeshwa kila Novemba. Wafaransa wao walitoka nje kwenye matope. Daniel Gousseau aliandaa mwaka 1902 ubingwa wa kwanza wa Ufaransa wa mbio za mashambani, ambazo mshindani akifika penye utelezi hushuka, huitupia baiskeli begani, hukimbia nayo, kisha hupanda tena. Octave Lapize alipotwaa Tour de France mwaka 1910, alisema mbio hizo za msimu wa baridi zilichangia ushindi wake.

Mzee yeyote wa Mohoro au Ikwiriri, huku bondeni Rufiji, akisimuliwa mbio hizo atauliza ugeni wake uko wapi. Udongo wa bonde la Rufiji ni mfinyanzi. Ukilowa hujibana kati ya tairi na madigadi hadi gurudumu likatae kuzunguka. Mpandaji hushuka, hutafuta kijiti, huchokonoa tope, husukuma hatua chache, na tope hujaa tena. Mwisho hung'oa madigadi kabisa au huibeba baiskeli. Baiskeli hizi si nyepesi: Raleigh ya Mwingereza, Phoenix ya Mchina na Swala iliyotengenezwa hapa nchini zote ni za chuma, na karia yake ni ya kubebea magunia.

Jambo jingine ambalo mgeni hulikosea ni kudhani kwamba mvua ya Ndundu, mahali pa kuvukia mto huu, ndiyo inayofurisha Ndundu. Maji mengi hutoka mbali, Kilombero, Ruaha Mkuu na Luwegu, yakakutana na kushuka kwa pamoja kuelekea delta. Jua linaweza kuwaka Ndundu huku mto ukipanda. Ndiyo maana msimu wa kuweka baiskeli kando haukufuata mawingu tu. Ulifuata mto, na mara nyingi mto ulifika kileleni Aprili.

Baiskeli ilizidi kuwa ya lazima baada ya mafuriko makubwa ya 1968. Serikali ilianzisha Operesheni Rufiji, na watu waliokuwa wakiishi bondeni karibu na mashamba yao wakahamishiwa vijiji vya ujamaa kwenye ardhi ya juu. Makazi yakahama, ila rutuba ilibaki kule kule bondeni. Mkulima aliyekuwa akitoka mlangoni na kuingia shambani sasa alikuwa na safari. Naamini hapo ndipo tunapopaswa kumtafuta mpanda baiskeli halisi wa Rufiji, mtu aliyeendesha kwa sababu shamba limekuwa mbali, tena na mzigo, tena kwenye mchanga na mfinyanzi.

Sasa tazama mwaka wake ulivyokuwa. Kiangazi baiskeli ilifanya kazi zote: mpunga, nazi, korosho, mkaa, samaki wa delta, mgonjwa wa kupelekwa zahanati. Masika yakikolea, baiskeli iliingizwa ndani, ikapakwa oili kwenye cheni ili isishikwe na kutu, na mtumbwi ukashika zamu. Kupiga kafi dhidi ya mkondo, au kusimama na kusukuma kwa pondo kutwa nzima, ni kazi ya mgongo, mabega na mapaja. Wengine walihamia kwenye madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, wakalinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe. Kisha maji yaliposhuka, kabla ardhi haijakauka, kilimo cha mlau kilianza: mahindi na kunde zikipandwa kwenye unyevu uliobaki, na jembe halikupumzika. Kufikia Juni njia ikawa imekauka tena, baiskeli ikatolewa nje, na mtu yule aliyeweka baiskeli kando tangu Machi akapanda na gunia lake.

Aliwezaje? Sayansi ya mwili inasaidia kueleza. Mtu aliyezoea kuendesha akiacha kabisa, ujazo wa maji ya damu hupungua ndani ya siku chache tu, na baada ya wiki mbili hadi nne uwezo wake wa kutumia oksijeni huwa umeshuka kiasi cha kupimika. Lakini mtafiti Robert Hickson wa Chicago na wenzake walionyesha jambo muhimu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Waliwafanyisha watu mazoezi makali siku 6 kwa wiki kwa muda wa wiki 10, kisha wakawapunguzia hadi siku 4 au hata 2 kwa wiki, bila kulegeza ukali. Baada ya wiki 15, uwezo wa kutumia oksijeni haukuwa umepotea. Katika majaribio yaliyofuata walipunguza ukali badala ya siku, na hapo mwili ukarudi nyuma.

Wiki 15 ni masika yote na zaidi. Mkulima wa Ndundu hakupata maabara, lakini huenda kazi zake za masika zilikuwa na ukali wa aina hiyo ambao Hickson aliutaja. Kuvusha mtumbwi wenye shehena kwenye mkondo wa Aprili si zoezi jepesi. Naona moyo na mapafu vilibaki kazini wakati magoti yakipumzika kuzungusha pedali. Miguu ilihitaji kukumbushwa tu.

Mpangilio huo ulianza kuvunjika mwaka 2003. Hadi wakati huo msafiri wa kusini alivuka Ndundu kwa pantoni, na masika yalipochachamaa malori na mabasi ya Lindi na Mtwara yalikaa foleni au hayakuja kabisa. Agosti mwaka huo Daraja la Mkapa likafunguliwa, lenye urefu wa karibu kilomita moja. Kipande cha barabara cha Ndundu hadi Somanga, kilomita 60 hivi, kilibaki cha udongo kwa miaka mingi baadaye na kuendelea kula magari kila masika, mpaka nacho kikapata lami. Kisha zikaja pikipiki za bei nafuu. Bodaboda ilichukua mgonjwa, korosho na abiria, na haikumdai dereva wake pumzi. Sioni sababu ya kuililia pantoni, kwani watu waliteseka pale. Ninachosikitikia ni kwamba kijana wa bonde hili amepoteza kazi mbili kwa pamoja, pedali ya kiangazi na kafi la masika, na hakuna zoezi lililoingia mahali pake.

Mto wenyewe haujaacha tabia. Aprili 2024 mafuriko yalifunika vijiji na mashamba ya wilaya za Rufiji na Kibiti, Mohoro ikiwa kati ya maeneo yaliyoumia, na watu wakarudi kwenye mitumbwi. Mapema Mei kimbunga Hidaya kikapiga pwani, na barabara ya Lindi ikakatika maeneo ya Somanga. Kwa siku kadhaa pikipiki, basi na baiskeli vyote vilikwama sawasawa.

Katika masika ya kawaida, hata hivyo, leo ipo sehemu ngumu na kavu ya kuendeshea katikati ya bonde lililojaa maji, ambayo babu wa kijana huyu hakuwa nayo: lami ya tuta la daraja. Mwenye baiskeli anayetaka kuingia kiangazi akiwa na miguu yake anaweza kwenda pale asubuhi mbili kwa wiki na kukaza kweli kweli, kutoka Ikwiriri hadi ng'ambo na kurudi, kabla mabasi ya kusini hayajaanza kupishana.